Abu Hurayra (R.A.): Mchunga kondoo aliyepewa jina la paka

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, vikubwa kwa vidogo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu paka ni kama mmoja wa watu wa nyumbani. Hulala juu ya mswala bila ya kuomba ruhusa, na mama akianza kupara samaki yeye huwa amekwisha fika. Mji wa Lamu umejulikana kwa paka wake wanaozunguka vichochoroni na kwenye mabaraza. Lakini pia si ajabu kukuta watoto wa paka wametiwa katika mfuko na kutupwa jalalani, au watoto wetu wanamfukuza paka kwa mawe na sisi wakubwa tunapita kama kwamba hatukuona.

Kwa sababu hiyo leo tumeona tumzungumze sahaba ambaye jina lake tunalisikia karibu katika kila khutba. Wengi wetu tunalitamka bila ya kujua kwamba maana yake ni baba wa kipaka. Naye ni Abu Hurayra (R.A.).

Kijana wa kabila la Daus

Abu Hurayra alizaliwa Yemen, katika kabila la Daus, miaka ishirini hivi kabla ya Hijra. Wanazuoni wametofautiana sana kuhusu jina lake la asili. Lililo mashuhuri ni kwamba zama za ujahiliya akiitwa Abdu Shams, yaani mja wa jua, na aliposilimu akaitwa Abdurrahman bin Sakhr. Alikulia katika uyatima na ufukara, na kazi yake ilikuwa kuchunga kondoo na mbuzi wa watu wake.

Huko machungani alikuwa na kipaka chake kidogo. Yeye mwenyewe alipoulizwa baadaye sababu ya jina lake, alieleza kwamba usiku alikuwa akikiweka juu ya mti, na kukicha hukichukua akaenda nacho machungani akicheza nacho. Jamaa zake walipomwona hali hiyo wakampa lakabu ya Abu Hurayra. Habari hiyo imo katika mkusanyo wa Imamu Tirmidhi. Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akimwita wakati mwingine Abu Hirr, nalo ni jina la paka vilevile.

Tazama, ndugu yangu, jinsi jambo dogo la utotoni linavyoweza kumfuata mtu hata kaburini. Hakuitwa kwa jina la upanga wala la ukoo mkubwa. Aliitwa kwa jina la kiumbe dhaifu alichokihurumia pale ambapo hakuna mtu aliyekuwa akimwangalia.

Safari ya Madina

Uislamu uliwafikia Daus kwa mkono wa mtu wao mtukufu, Tufayl bin Amr (R.A.), aliyesilimu Makka kisha akarejea kuwalingania watu wake. Abu Hurayra alikuwa miongoni mwa walioitikia. Mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628 Miladia, aliwasili Madina akamkuta Mtume (S.A.W.) amekwenda Khaybar, naye akamfuata huko.

Njiani alikuwa na kijana mtumwa wake, wakapoteana gizani. Alipokwisha fika na kutoa ahadi yake ya utii, yule kijana akatokea. Mtume (S.A.W.) akamjulisha kwamba mtumwa wake ndiye huyo amekuja. Abu Hurayra hapo hapo akamwacha huru kwa ajili ya Allah. Kumbuka kwamba huyu hakuwa tajiri, na kijana huyo alikuwa mali yake ya thamani. Kitendo chake cha kwanza baada ya kufika kikawa ni kumfungua mtu kifungo.

Njaa ya watu wa Suffa

Hakuwa na nyumba, shamba wala biashara. Akajiunga na watu wa Suffa, masikini waliokuwa wakiishi chini ya kipaa katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), wakila kile walichogawiwa. Alichagua maisha hayo ili asikose neno linalotoka kinywani mwa Mtume (S.A.W.), wakati Muhajirina walikuwa na shughuli zao sokoni na Ansari katika mashamba yao.

Njaa aliyoiona haikuwa ya kusimuliwa. Alikuwa akifunga jiwe tumboni. Mara nyingine alianguka baina ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha (R.A.), na mpita njia akamkanyaga shingoni akidhani ana wazimu, kumbe ni njaa tu.

Siku moja alikaa njiani. Akapita Abu Bakr (R.A.), naye akamuuliza juu ya aya ya Qur'ani. Aya alikuwa akiijua, alitamani tu akaribishwe chakula. Abu Bakr akajibu akaenda zake. Akapita Umar (R.A.), ikawa hivyo hivyo. Kisha akapita Mtume (S.A.W.), akamtazama usoni, akatabasamu na kuijua haja yake bila ya kuambiwa. Akamchukua nyumbani, ambako palikuwa na bakuli moja la maziwa lililoletwa zawadi.

Hapo ndipo mtihani ulipokuja. Mtume (S.A.W.) alimwamuru awaite watu wa Suffa wote. Moyo wa Abu Hurayra ukaona uzito, maana bakuli moja litawatosha nini watu wale? Na yeye ndiye atakayewapokeza mmoja mmoja, kwa hiyo atakuwa wa mwisho. Lakini alitii. Wakanywa wote hata wakatosheka, na maziwa yakabaki. Wakabaki wawili tu, Mtume (S.A.W.) akamtaka akae anywe, akazidi kumhimiza mpaka Abu Hurayra akaapa kwamba hana tena pa kuyapitishia. Kisha Mtume (S.A.W.) akamhimidi Allah, akapiga bismillahi, akanywa yaliyobaki.

Mwana na mama yake

Mama yake, Umayma, alikuwa hajasilimu. Mwanawe kila siku alimlingania kwa upole, naye akikataa. Siku moja alitamka juu ya Mtume (S.A.W.) maneno yaliyomuumiza mwanawe. Abu Hurayra hakumjibu mama yake kwa ukali wala hakumhama. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akilia, akamsihi amwombee dua mama yake. Mtume (S.A.W.) akaomba.

Aliporudi nyumbani alikuta mlango umerudishwa na akasikia maji yakimiminika. Mama yake alikuwa akioga. Alipokwisha kuvaa alifungua mlango na kutamka shahada mbili. Mwana akarejea kwa Mtume (S.A.W.) akilia tena, safari hii kwa furaha.

Imepokewa pia kwamba siku moja njaa ilimtoa nyumbani, na Mtume (S.A.W.) akawapa yeye na wenziwe tende mbili mbili. Abu Hurayra alikula moja na nyingine akaificha. Alipoulizwa alisema ni ya mama yake. Mtume (S.A.W.) akamtaka aile na akampa nyingine mbili za mama. Na kila alipotoka au kuingia alisimama mlangoni pa mama yake, akamtolea salamu na kumwombea rehema kwa alivyomlea udogoni, na mama akimwombea rehema kwa kumtendea wema uzeeni. Hakwenda Hija ya sunna mpaka mama huyo alipofariki, kwa ajili ya kukaa naye.

Hazina ya hadithi

Muda wa kukaa kwake na Mtume (S.A.W.) ulikuwa miaka mitatu na ushei, mpaka Mtume alipofariki mwaka wa 11 Hijria. Hata hivyo hakuna sahaba aliyepokewa hadithi nyingi kumshinda. Idadi mashuhuri ni 5,374, na ndani yake zimo zilizokaririwa kwa njia mbalimbali. Imamu Bukhari ameeleza kwamba waliopokea kutoka kwake wanafika 800 au zaidi.

Wapo waliostaajabu tangu zama zake, na mwenyewe akawaeleza sababu. Ya kwanza ni kule kuambatana na Mtume (S.A.W.) wakati wengine wana shughuli. Ya pili ni kwamba alimlalamikia Mtume (S.A.W.) juu ya kusahau, akaamrishwa alitandaze shuka lake, kisha alikusanye kifuani. Baada ya hapo hakusahau. Usiku aliugawa mafungu matatu, akisimama kwa zamu yeye, mkewe na mtumishi wao, kila mmoja akimwamsha mwenziwe. Mgeni aliyelala kwake siku saba aliyashuhudia hayo. Mwanafunzi wake Hammam bin Munabbih aliandika hadithi alizozisikia kwake, na maandishi hayo yametufikia hadi leo.

Mwenye njaa aliyesimulia habari za wenye njaa

Hapa, ndugu msomaji, tunakifikia kiini cha mazungumzo yetu. Miongoni mwa hadithi alizotufikishia ni ile ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu na panya, mpaka akafa. Na ni yeye pia aliyetufikishia habari ya mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu. Mtu huyo akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha. Allah akamshukuru kwa kitendo hicho na kumsamehe.

Aliyezisimulia habari hizo alikuwa akilijua tumbo tupu. Alijua maana ya kulala chini na watu wakakupita. Lakini hakuongeza wala hakupunguza. Alieleza yale aliyoyasikia, ili sisi tujue kwamba roho inayotegemea mkono wako ina haki mbele ya Mola wako, hata ikiwa ni ya paka.

Ama twahara yake, tunayo habari ya sahaba mwingine, Abu Qatada (R.A.). Mke wa mwanawe, Kabsha, alimtilia maji ya udhu, akaja paka kutaka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipoona mkwewe anastaajabu, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzungukia majumbani. Kwa hiyo mdomo wa paka hauharibu maji ya udhu, isipokuwa ukionekana kuwa na najisi.

Tutanabahi pia kwamba si kila linalosemwa juu ya paka ni hadithi. Maneno mashuhuri kwamba kupenda paka ni sehemu ya imani yamehukumiwa na wanazuoni wa hadithi kuwa ya kutungwa. Na kile kisa cha Mtume (S.A.W.) kuikata nguo yake ili asimwamshe paka aliyelala hakimo katika vitabu sita mashuhuri vya hadithi. Yaliyo sahihi yanatutosha.

Maajabu ya kiumbe huyu

Mwenye kutazama kwa mazingatio ataona hekima ya Muumba. Paka wa nyumbani asili yake ni paka mwitu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Alisogea kwa wanadamu pale walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, kwa kuwa panya walikusanyika ghalani. Katika kisiwa cha Kupro wachimbuzi walikuta paka amezikwa karibu na mtu, kaburi la miaka ipatayo 9,500, habari iliyotangazwa mwaka 2004.

Jicho la paka huona katika mwanga uliofifia mara sita kuliko ule tunaouhitaji sisi, na nyuma yake mna utando unaorudisha nuru. Ndiyo sababu macho yake hung'aa gizani, si kwa kuwa ni jini kama wanavyodai baadhi ya watu. Sikio lake husikia sauti nyembamba za panya ambazo sikio la mwanadamu haliwezi kuzinasa. Sharubu zake humsaidia kupima upenyo kabla ya kupita. Akianguka hujigeuza hewani akatua kwa miguu, ingawa hilo halimaanishi kwamba haumii.

Utamu wa sukari haujui kabisa, kwani ulimi wake haukuumbiwa kuuonja. Paka mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, karibu siku zote ni jike. Na mlio wa nyau, paka wakubwa huutumia zaidi kuzungumza na wanadamu kuliko wao kwa wao. Kwa hiyo anapokulilia mlangoni, ni wewe hasa anayekuita.

Amiri aliyebeba kuni

Dunia ilimfungukia Abu Hurayra baadaye. Katika ukhalifa wa Umar (R.A.) alifanywa gavana wa Bahrain. Aliporejea na mali, Umar alimhoji kwa ukali kama ilivyokuwa desturi yake kwa magavana. Alieleza kwamba mali ilitokana na farasi wake waliozaana, kazi ya mtumwa wake na zawadi zilizofuatana. Ikachunguzwa ikakutwa ni kama alivyosema. Umar alipomtaka arudi kazini alikataa. Alipokumbushwa kwamba Nabii Yusuf (A.S.) alikubali uongozi, alijibu kuwa Yusuf alikuwa Nabii mwana wa Nabii, na yeye ni Abu Hurayra mwana wa Umayma tu.

Zama za Bani Umayya alikuwa akikaimu uamiri wa Madina. Watu walimwona akipita sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, akiwaomba kwa mzaha wampishe amiri njia. Mke wake, Busra binti Ghazwan, ndiye yule ambaye zamani alimtumikia kwa ujira wa chakula cha tumbo lake. Naye hakuisahau hali hiyo. Siku moja alipangusa pua kwa kitambaa cha kitani, mara akajistaajabia mwenyewe, akikumbuka alivyokuwa akianguka kwa njaa msikitini.

Mwisho wake

Alipougua maradhi ya mwisho alilia. Akaeleza kwamba haililii dunia, bali urefu wa safari na uchache wa masurufu. Alifariki baina ya mwaka wa 57 na 59 Hijria, akiwa na umri wa miaka ipatayo 78, akazikwa katika makaburi ya Baqi' mjini Madina. Mtume (S.A.W.) alimwachia wasia wa mambo matatu, naye akayashika mpaka kufa: kufunga siku tatu kila mwezi, rakaa mbili za Dhuha, na kusali Witri kabla ya kulala.

Mafunzo kwa nyumba zetu

Kwanza, mwenye kufuga paka ajue kwamba amejitwika dhima. Amlishe nyama au samaki, kwani mwili wa paka haustahimili wali mtupu. Maji safi yasikosekane. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Vitunguu maji, vitunguu saumu na dawa ya parasetamoli ni sumu kwake. Akisafiri mwenye nyumba, asimfungie ndani bila ya mtu wa kumwangalia, maana hilo ndilo kosa la yule mwanamke.

Pili, apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia. Akimuuma mtu au kumparura, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa, kisha aende hospitali bila ya kuchelewa. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kwani chaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Hiyo ni tahadhari tu, wala si sababu ya kumtupa paka.

Tatu, watoto wa paka wasitupwe. Hufumbua macho wakiwa na wiki moja au mbili, na bado humhitaji mama yao kwa wiki kadhaa. Mwenye kuelemewa awasubiri wakue, kisha awatafutie watu wenye huruma.

Nne, tuwalee wanetu kwa mfano. Mtoto anayemrushia paka jiwe na baba akacheka amekwisha fundishwa. Na mtoto anayepewa kipande cha samaki ampelekee paka kwa mkono wake, naye amefundishwa. Hatujui yupi kati ya wanetu Allah atamfanya mbebaji wa elimu ya umma huu. Watu wa Daus nao hawakujua, walipokuwa wakimcheka kijana wao na kipaka chake.

Tano, huruma ianzie kwa wazazi. Yule aliyekihurumia kipaka ndiye aliyeificha tende ya mama yake hali ya kuwa tumbo lake lina njaa. Haitufai kumlea paka nyumbani ilhali mama kijijini hana wa kumpigia hodi.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu Abu Hurayra na mama yake, azijaze nyumba zetu huruma kwa wakubwa, wadogo na viumbe visivyoweza kusema, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorehemu ili nasi turehemewe. Amin.

Wabillahi Tawfiq.